Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Wafugaji wa Njiwa Mkia-Pepeo, Mombasa

Assalaam alaykum ndugu wanachama.

Ya kawaida nayapitia upesi, maana mnayajua. Mtama, choroko na mahindi ya kupasua tulinunua kwa gunia soko la Kongowea, mkagawana. Njiwa mmoja ni gramu 30 hadi 40 kwa siku, na maganda ya chaza yaliyopondwa yasikosekane bandani. Chanjo ya kideri ilitolewa. Masika mabanda matatu yalivuja. Njiwa huyu hana tezi ya mafuta mkiani, ya kukinga manyoya na maji. Mkia ukilowa anauburura, unashika kinyesi, manyoya yanakatika. Beseni la kuogea liwekwe asubuhi, si alasiri, mkia uwahi kukauka.

Sasa lile la mkasi, lililopigiwa kelele barazani mwaka mzima.

Kamati iliamua jozi zote za banda la chama zipunguzwe kwa mkasi manyoya ya kuzunguka tundu la nyuma kabla ya kuzalishwa. Pendekezo lilikuwa langu na silionei haya. Njiwa wa kawaida ana manyoya 12 ya mkia. Huyu ana 30 hadi 40, na kifua amekibinua mpaka kichwa kinalalia mkia. Dume akipanda, matundu yao ya nyuma hayakutani, manyoya yamekaa katikati. Jike analalia siku 18 mayai yasiyo na mbegu. Kabla ya mkasi tulipata mayai 22, makinda 5. Baada yake mayai 24, makinda 17. Yote yalimulikwa kwa tochi siku ya 6: lenye mbegu lina mishipa myekundu, lisilo nayo ni jeupe tupu.

Wanaosema tumeharibu mikia hawakuja hata kutazama. Mkia haukuguswa. Mmoja anamshika njiwa chali, mwenzake anakata kwa mkasi wa ncha butu yale manyoya laini yanayozunguka tundu la nyuma, upana wa vidole viwili, dume na jike. Unyoya wenye damu kwenye shina unaachwa. Mbona hatukung'oa? Uliong'olewa huota tena baada ya wiki chache, kazi ikarudi pale pale. Uliokatwa hukaa hivyo mpaka njiwa abadili manyoya. Kwa hiyo jozi ya kuzalisha haiendi maonyeshoni. Aliyekata, akapeleka, akapunguziwa alama, asiilaumu kamati.

Mahudhurio ni aibu. Tuko wanachama 41. Mkutano wa mwezi wa sita tulikuwa 9, na chai ya watu 30 imeshapikwa. Wa Likoni wanasingizia feri, lakini siku ya kugawa makinda feri haikumchelewesha mtu. Ada ni shilingi 1,000 kwa mwaka na waliolipa ni 17. Wasiolipa ndio wa kwanza kuja kuazima dume.

Inshallah mwakani tutapata banda kubwa lenye waya, maana njiwa huyu si mrukaji na kunguru wa mji huu wameshamjua. Wapi na kwa pesa gani, tutaona. Mweka hazina yuko mlangoni na kitabu cha risiti.