Tuligeuka Nyuma Hell's Gate

Nakuru,
Jumapili jioni

Dada mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Tu wazima sote, ila miguu inauma: jana tulikwenda Hell's Gate, ile mbuga ya karibu na Naivasha, safari uliyoniomba nikungojee. Usinune, nitakwenda tena nawe.

Mvua ndefu ndiyo kwanza inaanza kunukia, nyasi bado kavu. Tulikodi baiskeli getini, tukapita mnara wa Fischer, ule mwamba uliosimama peke yake, pundamilia wakitutazama tu kando ya barabara. Lakini raha yenyewe iko chini, kwenye korongo la Ol Njorowa. Hapo kale ziwa kubwa lilifurika likatafuta njia ya kusini, na maji yake ndiyo yaliyochonga kuta hizo. Kuna mahali nilinyoosha mikono nikagusa kuta zote mbili kwa pamoja! Mwamba wenyewe una mikunjo laini kama chungu kabla hakijachomwa, na katika ufa mmoja panachuruzika maji ya moto. Nilitia kidole nikakitoa mbio. Ni joto hilohilo la ardhini linalotupa umeme pale Olkaria tangu 1981.

Hatukufika mwisho. Juu yetu mbingu ilikuwa buluu tupu, lakini mwelekezi wetu alisimama, akatazama upande wa milimani, akasema, "Turudi." Nilikasirika, dada, sikufichi. Nimelipa, nimetembea juani, na hata tone moja halijanidondokea. Basi akanionyesha vijiti na majani makavu yaliyonasa ufani, juu ya kichwa changu. "Maji ndiyo yaliyoyapandisha hapo. Mvua hunyesha mbali, wewe huku huisikii."

Nikakumbuka Septemba 2019, watu saba waliposombwa na mafuriko humohumo, na wale vijana waliokufa vivyo hivyo Aprili 2012. Hasira ikaniisha. Tulipanda kwa kamba tukivutana mikono, hakuna aliyesema neno.

Maji hayakuja jana. Hata hivyo, yule mwelekezi akiniambia tena nirudi, nitarudi bila swali.

Wewe njoo Januari au Februari, kukiwa kukavu kabisa. Vaa viatu vinavyoshika mwamba, si ndala, na kitinda mimba wako umwache kwa nyanya yake, pale penye kamba hatapaweza. Nilitamani kukuletea kijiwe cheusi kinachong'aa kama kioo, lakini mbugani hakitolewi kitu. Nimekariri kilipo, nitakuonyesha.

Wasalimie wote huko Kisumu.

Ni mimi rafiki yako