Rehema, usipeleke barua hiyo kwanza

Dar es Salaam, Jumapili jioni

Shoga yangu Rehema,

Habari za Arusha na baridi yake? Huku wazima. Mama Nuru anakusalimu, na Zubeda kajifungua salama, mtoto wa kike. Salamu niziishie hapo, maana kuna jambo limenikaba.

Zubeda kanidokeza kwamba umeandika barua ya kuomba kuacha kazi ya kuandika programu za kompyuta uhamie kitengo cha masoko, eti kwa sababu kiongozi wa timu yenu kasema wanawake hatukuumbiwa kazi hii. Najua anakozitoa hoja zake. Ni za yule mhandisi wa Google, James Damore, aliyeandika mwaka 2017 kwamba tofauti za kimaumbile zinachangia uchache wetu, akafukuzwa kazi. Hata ofisini kwetu bado wanaubishania waraka ule.

Mimi sikatai kwamba watu tunatofautiana. Lakini Marekani kwenyewe, mwaka 1984, wanawake walikuwa kama asilimia 37 ya waliohitimu shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta. Miaka ya 2010 wakashuka hadi asilimia 18 hivi. Maumbile gani hayo yanayogeuka ndani ya miaka thelathini? Na Uingereza, Stephanie Shirley alipoanzisha kampuni yake ya programu mwaka 1962, barua zake za kutafuta wateja hazikujibiwa mpaka alipoanza kusaini "Steve". Uwezo wake ulikuwa uleule, jina tu ndilo lililobadilika!

Wiki hii wateja wetu walikuwa wanakatwa pesa mara mbili. Nikasema kikaoni: mtandao ukisuasua, mfumo unatuma upya ombi la malipo bila kukagua kama la kwanza limeshapita, kila ombi tulipatie namba yake, ikijirudia likataliwe. Kimya. Mmoja akaniuliza kama chai imeshaagizwa. Baadaye kijana aliyekaa pembeni yangu akarudia maneno yaleyale, bosi akagonga meza: "Hapo sasa!" Niliumia, Rehema. Nikasema palepale kwamba hoja ni yangu, nikawafungulia programu niliyokwisha kuirekebisha. Bosi akaisoma mstari kwa mstari, akaipitisha. Jina langu limeandikwa.

Ndiyo maana nakusihi. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma kumbukumbu za seva usiku ule bwenini, wavulana wameshakata tamaa wakaenda kulala. Masoko ni kazi nzuri kwa anayeipenda. Wewe unaikimbilia tu. Na ukiondoka, yule binti mliyemwajiri mwaka jana atamwangalia nani?

Hivi barua umeshaipeleka, au bado iko kwenye droo? Mkurugenzi wenu anajua maneno uliyoambiwa? Umeyaandika, pamoja na tarehe? Mumeo anasemaje? Na kwa nini hukunipigia mimi mwanzo? Nijibu kabla ya Ijumaa. Ukitaka nije tukae tuipange hoja yako pamoja, nikate tiketi ya basi.

Wako,
Asha