Barua kwa wazazi: kufunga muhula, na sifuri za Fizikia

Ndugu Wazazi na Walezi,

Salaam. Shule inafunga Ijumaa saa sita mchana. Fomu za maendeleo watakuja nazo watoto. Zisomeni kabla ya kusaini. Wanaodaiwa mchango wa chakula wanajijua, sina haja ya kurudia.

Wiki hizi mbili wazazi wanne wamefika ofisini kwangu wakiwa na daftari la Kidato cha Pili na swali moja: mtoto kaandika maji yanachemka kwenye nyuzi 100, kama kitabu kisemavyo, mbona kapewa sifuri?

Hakuulizwa kitabu kinasemaje. Aliambiwa achemshe maji, asome themomita, aandike alichokiona. Hapa Kigoma ziwa lenyewe liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa inayoyakandamiza maji ni pungufu kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 97 na ushee. Walioandika 97 walipata alama zote. Sifuri ni za wale walioona 97, wakakwangua wino kwa wembe, wakaandika 100. Katika daftari mojawapo karatasi imetoboka kabisa.

Msiwagombeze sana. Nilipohamia hapa, mimi mtu wa Historia, niliona themomita zetu ni mbovu, nikaandika barua ya kuomba mpya. Mwalimu wa Fizikia aliisoma, akanirudishia, akasema neno moja: "Umejuaje?" Wanafunzi wamemfanyia jina la utani hilo hilo, na anaitika.

Mwalimu huyu anafikisha miaka 60 na anastaafu. Alishuka stesheni ya Kigoma akiwa kijana, na boksi lenye nyaya na balbu za tochi nyingi kuliko nguo. Chumba anachofundishia kilikuwa stoo ya majembe. Mara mbili alipendekezwa kuwa mkuu wa shule akakataa. Nadhani alikuwa na akili kuliko mimi. Hafundishi kitu kabla wanafunzi hawajabashiri kitatokea nini na kuandika ubashiri wao kwa kalamu. Somo la mwanga huanza kwa swali la dagaa: kwa nini wavuvi hupumzika mbalamwezi ikiwa kali? Watoto wa Kibirizi na Ujiji, ambao kwenye hesabu hukaa kimya, siku hiyo ndio wanaowafundisha wenzao kuhusu taa za mitumbwi.

Waliopita mikononi mwake wapo madaktari, yupo pia fundi wa injini za maboti. Ukimwomba akutajie mwanafunzi wake bora, humtaja fundi.

Kuhusu zawadi: amekataa mbuzi na amekataa sherehe. Ameomba jambo moja. Wanafunzi sita wanaokwenda likizo kwa bibi na babu zao Kasulu, ambako ni juu zaidi kuliko huku, wamekabidhiwa themomita wachemshe maji huko, kisha Januari walete namba waliyoiona. Wameandika ubashiri wao, bahasha iko kwenye kabati langu.

Themomita hizo ni za spiriti, hazina zebaki. Ikivunjika, mtoto asipigwe wala isinunuliwe nyingine mpaka mwalimu aarifiwe. Na tafadhali, namba asisaidiwe na mtu yeyote.

Wenu,
Mkuu wa Shule