Aksanti, mama wa Goma

Mama, jina lako silitaji kwa usalama wako. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ilitangaza mwisho wa jukumu letu sisi askari wake huko Kongo Machi 13, 2025, lakini msafara wa kwanza ulikuja kuondoka Aprili 29. Uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa, tulikaa tu kambini tukingoja kuambiwa siku. Kungoja kwa namna ile kunamchosha askari kuliko lindo lolote.

Ndipo ukaja na beseni kichwani: sombe (kisamvu), sambaza (samaki wadogo wa ziwani) za kukaanga, sabuni ya kipande, na chini kabisa betri ya kuchajia simu. Chaji ile ndiyo iliyonifanya niisikie sauti ya mama watoto.

Nakushukuru zaidi kwa yule kijana wetu aliyekuwa haongei na mtu wala hagusi chakula. Ulimsalimia, "Yambo, mtoto wangu," ukakaa naye pale chini mpaka akamaliza sahani. Daktari wetu alikuwa amejaribu sana. Na mji wako wenyewe ulikuwa taabuni, benki zimefungwa, lakini hela yetu uliikataa!

Aksanti sana, mama. Kijana yuko kwao Singida, na mama yake mzazi anakusalimia.