Mhariri, tunaua madirisha kwa jina la kisasa

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wako maana hili jambo linanikera sana.

Hapa Dar mtu akianza kukarabati nyumba cha kwanza kung'oa ni madirisha. Luva, vile vipande vya vioo vinavyolazwa na kusimamishwa, zinatolewa, fremu za mninga zinatupwa uani zikageuzwe kuni, inaingia alminiam ya kusilaidi. Sawa inapendeza, ila lile dirisha ukilifungua kioo kimoja lazima kikae nyuma ya mwenzake, kwahiyo umetoboa ukuta futi tano lakini hewa inapita kwenye mbili na nusu tu, wakati luva zilikuwa zinafunguka karibu zote na hata mvua ikinyesha unazilaza kidogo upepo unaendelea kuingia. Juu huko kaezeka bati la msauzi rangi nyeusi, eti ndo fasheni, badala ya rangi hafifu inayorudisha jua. Ikifika Januari analia joto, ananunua AC, luku ikianza kukimbia lawama zote kwa watu wa umeme!

Halafu huyohuyo atakwambia nyumba yake ni rafiki wa mazingira kisa kaweka taa za LED. LED ni nzuri sibishi, lakini fremu ya mninga ukiikwangua vanishi ya zamani, ukaipiga msasa na kuipaka upya inakaa miaka mingine mingi na hakuna mti mwingine uliokatwa. Alminiam kuizalisha tu kunakula umeme balaa.

Kwenye choo ndo kabisa. Watu wanahangaika na tailizi za ukutani, tangi la maji wanachukua lolote. Nunueni lenye vitufe viwili, kwa mengi kitufe kidogo kinatoa lita 3 na kikubwa lita 6, yale ya zamani ilikuwa lita 9 na kuendelea kila ukivuta. Na kama la zamani bado zima tia wino kidogo ndani ya tangi usiflashi, subiri nusu saa hivi, ukiuona kwenye sinki la choo ujue linavuja, mara nyingi ni kubadili tu ule mpira wa kuzibia maji ndani ya tangi.

Mafundi alminiam nao watuambie ukweli kwamba kuna dirisha la bawaba linalofunguka lote, hata kama bei inazidi kidogo, maana wengi tukifika dukani tunaonyeshwa la kusilaidi basi.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam