Risala ya Wakutubi Chipukizi wa Maktaba za Afya kwa Mgeni Rasmi, Chake Chake, Pemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa Wizara na Mkoa, wazee wetu na wageni waalikwa, Assalaam alaykum.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima, nawe tunakushukuru kwa kuvuka bahari kuja kutusikiliza.

Umoja wetu ulianza na wakutubi wachache waliokuwa wakikutana baada ya kazi. Leo una wanachama Unguja na Pemba. Kwa muda mfupi tumefanya makubwa: rafu tumezipanga upya, vitabu tumeviorodhesha kwenye kompyuta, na semina yetu kwa wauguzi inazungumzwa mpaka Micheweni.

Mheshimiwa, kilio chetu khasa ni mafunzo. Wengi wetu tulisomea ukutubi wa jumla, na maktaba ya tiba ina elimu yake. Daktari wa wodi ya wazazi alikuja kutaka makala za karibuni kuhusu maginesiamu salfeti kwa mama mwenye kifafa cha mimba. Mwenzetu akaliandika swali kama lilivyo kwenye PubMed, ghala la mtandaoni la kutafutia makala za tiba, makala zikamiminika. Namna ya kuzichuja kwa vichwa vya mada, yaani maneno maalumu yanayopangia makala, na kujua utafiti upi una uzito, hakuna aliyewahi kumfundisha. Daktari akaondoka na ile iliyotokea juu. Hinari nayo, ambayo Shirika la Afya Duniani liliianzisha 2002 ili nchi kama yetu zisome majarida ya tiba bure au kwa bei nafuu, ipo. Wajuzi wa kuitumia ndio adimu.

Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, iliyoko Bethesda, kwa miaka mingi iliwachukua wakutubi walio mwanzoni mwa kazi, ikawalipa na kuwafunza mwaka mzima. Sisi hatuombi Bethesda. Tunaomba ufadhili wa wakutubi wawili kila mwaka, mmoja Unguja na mmoja Pemba, wakajifunze maktaba ya Chuo Kikuu cha Muhimbili: posho ya kujikimu, nauli ya boti, na mtu wa kushika nafasi zao. Hili la mwisho ndilo linalokwamisha zaidi, maana mkutubi akiwa peke yake kituoni, ruhusa haitoki.

Mheshimiwa, ombi hili si geni. Lilisomwa mbele ya waheshimiwa waliokutangulia, kila mmoja akasema limepokelewa, nasi tukapiga makofi. Tukaambiwa tulete majina, tukaleta. Tujaze fomu, tukajaza. Tukaambiwa hazionekani, tukajaza nyengine. Wapo waliojaza wakiwa wageni kazini, na sasa wao ndio wanaopokea wageni. Ahadi ni deni, na sisi tunadai kwa adabu.

Kwa heshima zote, tunakuomba kabla hujaondoka umtaje ofisa atakayelishika jambo hili na tarehe ya kutujibu, katibu aiandike kwenye kumbukumbu za leo. Majina ya wawili wa mwanzo, pamoja na barua za wakuu wao wa kazi, tumeyaambatanisha na risala hii.

Tunaomba kuwasilisha.