Vifaa vya somo la Wahadzabe

Arusha

Mama Zainabu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, ila baridi ya Julai imetushika kweli.

Vifaa ulivyoomba kwa ajili ya wanachuo wako wa ualimu nimevipata, bahasha inaondoka na basi la kesho. Nikuonye mapema: maandishi mengi ya kitafiti juu ya Wahadzabe, wale wawindaji na wakusanya matunda wa kando ya Ziwa Eyasi, ni ya Kiingereza, tena yanahusu miili yao. Mwaka 2012 zilitolewa hesabu za nguvu wanazotumia kwa siku, 2014 bakteria wa matumboni mwao, 2015 usingizi wao. Si mabaya, lakini mwalimu wa darasa la kwanza atayafanyia nini?

Ningekuwa wewe ningeanza na nyumba. Wanachuo watasema ni kibanda cha umaskini tu. Basi waambie wajenge. Kwa Wahadzabe mjenzi ni mwanamke: anachomeka matawi ardhini kwa duara, anayapinda na kuyafungamanisha juu, anapenyeza vitawi katikati, kisha anaezeka kwa nyasi. Saa mbili hivi, kazi imekwisha. Kiangazi wengi hawahangaiki hata na hiyo, wanalala nje. Wakihama inaachwa hapo hapo. Mtu anayefuata asali, mizizi, ubuyu na wanyama, bati la nini?

Hapo ndipo uingize habari ya Yaeda Chini, kijiji kilichomo katika nchi yao, miaka ya 1964 na 1965, serikali ilipowakusanya wakae pamoja walime. Wengi wakaugua, na baada ya muda wakarudi porini. Halafu ruka hadi 2011, walipopewa hati ya kimila ya ardhi ya zaidi ya hekta 20,000, kwa jina la jamii nzima. Kwangu mimi hati hiyo ni somo la makazi kuliko mradi wowote wa nyumba za tofali.

Kuhusu shule, waache wabishane. Mtoto aliyelelewa kwa Kihadzane, lugha ambayo hadi leo haijathibitika kuwa na ndugu yoyote, anaanza darasa la kwanza kwa Kiswahili, na mara nyingi bwenini, mbali na wazazi. Mimi naona bweni ndilo linaloumiza zaidi, ila usiwaambie mapema.

Nimeweka pia utafiti wa 2023 juu ya ndege anayewaongoza watu kwenye asali. Wahadzabe humwita kwa mluzi, Wayao wa Msumbiji wana mlio wao mwingine kabisa, na ndege wa kila upande huitikia zaidi wito wa wenyeji wake. Huo utawachangamsha! Ngoma yao takatifu ya epeme tafadhali isiigizwe darasani. Huchezwa usiku usio na mwezi, ina miiko yake.

Namba ya basi nitakutumia kwa simu. Na kile kitabu changu cha saikolojia ya elimu mpe kondakta anirudishie, naona kimeshapata uraia wa Tanga.

Wako,
Mama Neema